TV ndani ya Coaster: ya inchi ngapi, na nipachike wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi. Nimenunua Coaster ya dizeli iliyokuwa ya abiria, nimeng'oa viti na kuigeuza nyumba ya safari. Nyuma kuna kitanda cha watu wawili, katikati jiko dogo na kabati la nguo, na nyuma ya kiti cha dereva kuna benchi ambalo usiku watoto wanalalia. Desemba nataka tuzunguke na familia: Lushoto, Pangani, halafu Dodoma na kurudi kwa Babati. Sebuleni nina TV ya inchi 43. Fundi wa hapa anasema ataipiga skurubu kwenye ubao wa ukutani, achukue umeme kwenye betri moja ya gari, atie inveta, yaishe. Mke wangu anasema TV hiyo ni kubwa mno. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, kaka. Shemeji yuko sahihi. Fundi wako kakosea mara mbili kwa mkupuo: pa kuchukulia umeme na pa kupigia skurubu. Kosa la tatu, la ukubwa, ni lako mwenyewe.

Nianze na jambo ambalo wengi hulijua wakishaingia hasara. TV ya kwenye gari haifi ikitazamwa. Inafia njiani, ikiwa imezimwa na hakuna anayeiangalia. Miaka nilipokuwa naanza kufunga umeme kwenye magari ya safari hapa Arusha, nilimfungia mteja TV ya inchi 32 kwa breketi ya mkono mrefu, ile unayoivuta na kuizungusha utakavyo. Gerejini ilipendeza sana. Walipopita Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, kwenye ile barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi mawimbi, skurubu zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, mkono ukajifungua, TV ikawa inajibamiza kwenye mlango wa friji hadi kioo kikapasuka. Nililipa TV na mlango wa friji. Tangu siku ile, gari likiletwa kwangu swali langu la kwanza ni hili: TV italala wapi gari likitembea? Ya inchi ngapi tutaongea baadaye.

Sasa tuchukue umeme, maana ndiko pesa yako ilikokuwa inakwenda kuungua.

Coaster nyingi za dizeli zinazotoka Japani ni za volti 24. Fungua mlango wa betri utaona mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfuatano. Fundi akisema "nachukua kwenye betri moja" maana yake anaiba 12 katikati ya hizo mbili. TV itawaka, wala hutaona kasoro siku hiyo. Lakini oltaneta inachaji betri zote mbili kama kitu kimoja, haijui kwamba mmoja ananyonywa kila usiku na mwenzake amekaa tu. Yule anayenyonywa hatajaa kamwe, na yule mwingine atachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yakauke. Baada ya miezi michache zinakufa zote mbili, na utaambiwa betri zilikuwa feki. Nimeona hili kwenye mabasi ya redio kubwa, kwenye malori, kwenye magari ya watalii. Usikubali, hata kama ni bure.

Njia iliyonyooka ni kuwa na betri ya nyumba, mbali na zile za kuwashia gari. Moja ya volti 12, Ah 100 (Ah ni ampea mara saa), ya aina ya kutumika taratibu kama zile za sola, pamoja na paneli ya wati 150 au 200 juu ya paa na kidhibiti chaji chake. Nadhani kitu hicho utakihitaji hata hivyo kwa taa, feni na simu. Ukiwa na betri hiyo, TV, taa na king'amuzi vyote vinakula hapo, na asubuhi gari linawaka hata kama watoto wamekesha na katuni. Kama bajeti imekaza na betri ya nyumba itasubiri mwakani, basi nunua konveta ya 24 kwenda 12 ya ampea 10, iungwe kwenye betri zote mbili kwa pamoja, na ujizuie kwa saa mbili tatu kwa usiku.

Na inveta? Inveta si dhambi, ila hapa ni mzunguko usio na maana. Unachukua 12 ya betri, unaipandisha kuwa 230, kisha ndani ya TV kuna kisanduku kinachoishusha tena. Kila ngazi inakula chake. Inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu bila kazi inanyonya betri polepole, na zile za bei poa ambazo wimbi lake la umeme si laini hufanya spika za TV zilie mlio wa nyuki.

Piga hesabu nami. TV yako ya inchi 43 inakula kati ya wati 70 na 100. Tuseme 80. Ongeza kinachopotea kwenye inveta, betri inatoa kama 95, yaani karibu ampea 8. Saa nne za jioni ni Ah 32. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya Ah 100 hupaswi kuinyonya zaidi ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo TV peke yake imekula zaidi ya nusu ya haki yako. TV ya inchi 24 inayokula volti 12 moja kwa moja inahitaji wati 30 hivi, ampea 2.5. Saa zile zile nne ni Ah 10. Siku ya mawingu Lushoto, tofauti hiyo utaijua kwa macho.

TV za volti 12 hazina shida ya kupatikana. Kariakoo, na hata Moshi hapo ukiulizia maduka ya vifaa vya sola, zipo zile zinazoitwa TV za sola, zenye tundu mbili nyuma: moja ya umeme wa nyumbani, moja ya DC, yaani umeme wa betri. Nyingine hazitangazwi hivyo lakini zinakuja na chaja ya pembeni kama ya kompyuta mpakato. Geuza TV, soma kibandiko. Kikisema 12V na ampea zake, umepata. Kikisema 19V, iache dukani, kwa sababu itakulazimu kununua kifaa kingine cha kupandisha volti. Kuna jambo dogo ambalo muuzaji hatakwambia. Betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikichoka ni 11 na kitu, ikichajiwa na sola mchana inafika 14.4. Kama kibandiko kimeandika 12V tu bila kutaja inavumilia toka ngapi hadi ngapi, weka stabilaiza ndogo ya volti 12 kati ya betri na TV. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bodi ya TV.

Waya tumia wa milimita mraba 2.5, si ule mwembamba wa spika. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri, kwenye waya wa chanya, isiwe upande wa TV; kazi yake ni kulinda waya usiungue ukikwaruzwa na bati katikati ya njia. Kabla ya kuchomeka mara ya kwanza, pima kwa mita kichwa cha waya kina chanya wapi na hasi wapi, ulinganishe na mchoro uliopo kwenye kibandiko cha TV. Ukigeuza, wala hutapata muda wa kusema samahani.

Turudi kwenye ukubwa, kwa sababu najua bado unaikumbuka ile 43. Inchi zinapimwa pembe kwa pembe, kwa mshazari. Kwa hiyo kioo cha 24 kina upana wa sentimita 53 na kimo cha 30. Cha 32 ni 71 kwa 40. Cha 43 ni 95 kwa 54, na hapo sijahesabu fremu. Ndani ya Coaster, ambayo upana wake hata kwa nje ni mita mbili hivi, na iliyozungukwa na vioo pande zote, ukuta wa sentimita 95 usio na dirisha huna. Itabidi uzibe dirisha, na dirisha la Coaster Pangani mwezi wa Desemba ndilo hewa yako.

Tena utaitazama kutoka wapi? Kutoka kwenye mto wa kitanda hadi ubavu wa kabati, ambapo ndipo itakapokaa, haizidi mita moja na nusu. Mafundi tunatumia kipimo rahisi: umbali uwe kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya mshazari wa kioo. Mshazari wa 24 ni sentimita 61, kwa hiyo kuanzia sentimita 90 hadi mita moja na nusu uko vizuri. Umeona jinsi inavyokukaa? Ya 32 ningekuruhusu kama benchi lako la mbele ndilo mngekalia kila jioni, na kama ukuta upo. Vinginevyo chukua 24. Ile 43 iache sebuleni, mtaikuta mkirudi.

Kuhusu picha zenyewe, msongo wa nukta (resolution) usikuumize kichwa kwenye kioo kidogo namna hii. Kinachoumiza ndani ya gari ni pembe. Nyumbani mnakaa mbele ya TV. Ndani ya gari mmoja amelala ubavu, mwingine yuko chini kwenye godoro, wa tatu anaosha vyombo. TV nyingi za bei ya chini ukiitazama kutoka chini nyuso za watu zinakuwa nyeusi, ukisimama zinakuwa nyeupe kama chokaa. Dukani, omba iwashwe, kisha chuchumaa uitazame toka chini, simama, nenda pembeni kabisa. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Zilizoandikwa IPS, ambayo ni aina ya kioo, huwa zinastahimili pembe vizuri zaidi.

Sasa kupachika, na hapa nitakaa kidogo.

Ukuta wa Coaster si ukuta. Ni bati jembamba la nje, mbavu za chuma zenye uwazi ndani, na ubao au plastiki ya kufunika. Kwenye zile mbavu kati ya dirisha na dirisha hupita nyaya za taa za ndani, na anayetoboa bila kuangalia huzikuta. Plaiwudi uliyofunika nayo ikiwa ya milimita 9, skurubu inashika kwa meno manne matano tu. Gari likitembea, skurubu inacheza kidogo kidogo, meno yanasaga ubao kuwa unga, na siku moja unaing'oa kwa vidole. TV ya kilo 4 gari likidunda kwenye shimo inaweza kuvuta kama kilo 12 au zaidi kwa kufumba na kufumbua. Ikiwa iko mwisho wa mkono wa sentimita 30, breketi inanyanyuliwa kama unavyong'oa msumari kwa nyundo.

Kwa jinsi ulivyoipanga nyumba yako, mahali ni ubavu wa kabati la nguo, upande unaotazama kitanda. Mbao yake nadhani ni nene kuliko ya ukutani, na uzuri wake unafikika pande zote mbili. Ndani ya kabati weka kipande cha plaiwudi ya milimita 18, au bati la alumini la milimita 3, kikubwa kuliko breketi kwa upana wa kiganja kila upande. Kisha toboa moja kwa moja, pitisha boliti za M6 (unene wa milimita 6) toka nje hadi ndani, tia washa pana, halafu nati zile zenye duara la plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Boliti nne. Hapo umefunga TV kwenye kabati, siyo kwenye rangi. Na hakikisha kabati lenyewe limefungwa kwenye sakafu na kwenye ubavu wa chuma, kwa sababu nimewahi kuona breketi nzima, TV nzima, kabati limelala chini.

Nyuma ya TV kuna matundu manne ya kupachikia, yamepangwa kwa kipimo kinachoitwa VESA. Kwa TV ndogo ni milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, skurubu za M4. Kuna TV za bei rahisi ambazo hazina matundu hayo kabisa, zina miguu tu. Angalia kabla hujalipa. Skurubu zisizidi kina cha tundu: ndefu mno inapita na kusukuma kioo kwa nyuma, unabaki na doa jeusi ambalo hakuna fundi atakayelifuta. Kati ya TV na breketi weka vipande vya mpira vya tyubu ya zamani ya pikipiki. Kazi ya sekunde, na inameza mtikisiko mwingi.

Breketi yenyewe chagua ya sahani mbili zinazokumbatiana: moja inabaki kwenye kabati, nyingine inabaki mgongoni mwa TV, unaitundika na kuichomoa kwa pini. Ukitaka inayoinama kidogo mbele ni sawa, kitandani itakufaa. Mkono mrefu sitaki hata kuusikia. Hapo ndipo jibu la swali langu la mwanzo lilipo. Kwenye lami, Moshi hadi Mombo, iache ikining'inia na pini imefungwa, ingawa zile rasta na matuta ya vijijini yatakukumbusha. Ukiacha lami, chomoa. Ifunge kwenye blanketi, isimamishe wima kati ya godoro na ubavu wa gari, kioo kikitazama godoro, na usiweke sufuria karibu. Usiilaze kifudifudi. Ndiyo maana waya wa umeme na wa antena uache na ziada ya sentimita 30 iliyokunjwa, yenye vichwa vya kuchomoa kwa mkono.

Mengine ya mahali nayapitia haraka. Isikae juu ya jiko, mafuta na mvuke vitaingia kwenye matundu ya spika. Isikae mahali ambapo dereva anaweza kuiona kwa jicho la pembeni. Isizibe dirisha la dharura. Mchana gari likiwa limeegeshwa juani Dodoma ndani panakuwa tanuri, kwa hiyo shusha mapazia upande wa TV na usiiwashe hadi pawe pamepoa. Ukirudi toka Pangani, futa vichwa vya nyaya kwa kitambaa kikavu, chumvi ya bahari haichagui.

Umesahau kuuliza mtatazama nini, nami nimejifunza kulisema kabla ya kuulizwa. TV zinazouzwa sasa ziwe na kipokezi cha DVB-T2 ndani, hicho ndicho kinachotumika hapa kwa matangazo ya antena. Ukiwa mjini au jirani, antena ndogo inatosha. Lushoto, milima ya Usambara itakukatia mara nyingi, hiyo si kosa la TV. Kwa dishi mambo ni tofauti na watu wengi hawajui kwa nini. Satelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, na Moshi iko nyuzi 37, kwa hiyo inatazamwa karibu utosini. Azam iko nyuzi 7 mashariki: toka kwetu iko magharibi, ukisogea kidogo kaskazini, juu kati ya nyuzi 50 na 55 kutoka upeo wa macho. Tafsiri yake kambini ni hii: mwenye DStv anasumbuliwa na mti ulio juu ya gari, mwenye Azam anasumbuliwa na mti ulio magharibi. Ukifika Pangani, ukaegesha chini ya minazi ili upate kivuli, DStv imekwisha. Na hata bila DStv usiegeshe chini ya mnazi, paa la Coaster si kofia ya chuma.

Dishi la paa linalojitafutia lenyewe lipo, ila bei yake hununui kwa ajili ya taarifa ya habari. Dishi dogo la kusimamisha chini kwa miguu mitatu, kampasi ya simu, na mtoto mmoja wa kusema "imekuja!" vinatosha. Na kabla hujanunua chochote, tazama chaja ya king'amuzi chako cha nyumbani. Vingi vimeandikwa 12V. Hicho nacho kinaungwa moja kwa moja kwenye betri ya nyumba, bila inveta, kwa fyuzi yake na stabilaiza kama ya TV.

Kwa watoto, ushauri wangu ni flashi. Jaza filamu na katuni ukiwa nyumbani. Kuna TV zisizosoma flashi iliyopangwa (format) kwa mfumo wa NTFS, ipange kwa FAT32, ukikumbuka kwamba huko faili moja haliwezi kuzidi GB 4. Sauti ya TV ndogo inatokea nyuma na kupotelea ndani ya kabati; spika ndogo ya bluetooth juu ya benchi inamaliza hilo.

Fanya kazi hii wiki mbili kabla ya Desemba, siyo usiku wa safari. Kisha siku moja ipeleke Coaster hadi Same na kurudi ikiwa TV imetundikwa. Ukirudi, shika TV kwa mikono miwili uitikise, halafu fungua kabati uangalie nati nne kwa ndani. Kama kuna iliyosogea hata nusu mzunguko, niandikie tena kabla hujaondoka.